Mtoto Asiishie Mlangoni mwa Sekondari



Mkono mmoja haulei mwana. Msemo huu tunausema sana mikutanoni, lakini Januari ikifika kila mmoja hujifungia kwake na kuhangaika na mtoto wake peke yake. Safari hii tuzungumze juu ya watoto wanaokwama wakitoka shule ya msingi: yatima, wanaolelewa na nyanya zao, watoto wa vibarua wa mashamba ya katani, watoto wenye ulemavu, na wale ambao mzazi alivuka mpaka kutafuta kazi, akanyamaza.

NJIA IMEBADILIKA

Wengi wetu bado tunahesabu kwa darasa la nane. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi mtoto akimaliza Gredi ya 6 anaingia sekondari ya msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo mara nyingi iko katika uwanja uleule wa shule ya msingi. Hapo hakuna habari ya sanduku wala godoro, na ndiyo maana wazazi husahau kujiandaa. Baada ya mtihani wa Gredi ya 9 mtoto anahamia sekondari ya juu, pengine mbali na nyumbani. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Kwa hiyo ule mlango mgumu haukuondolewa, umesogezwa mbele tu. Mtoto anaufikia akiwa na miaka kama 15. Kijana wa umri huo anaweza kubeba mizigo soko la Taveta siku ya Jumatano na Jumamosi, akarudi nyumbani na pesa mkononi. Msichana naye anaanza kufuatwa na wanaume. Akikaa nyumbani miezi miwili tu akingoja karo, kumrudisha ni kazi.

TULIVYOKOSEA SISI WENYEWE

Miaka michache iliyopita tulimsaidia msichana mmoja aliyelelewa na nyanya yake. Kikundi kilichanga, tukanunua sare, sanduku na madaftari, tukampeleka shule, tukapiga picha, tukarudi tukishangilia. Muhula wa pili tulimkuta sokoni anauza ndizi. Karo haikuwa shida. Nyanya alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kumchotea maji. Msichana mwenyewe hakuwa na pesa za pedi wala nauli, na aliona haya kutuomba tena. Sisi hatukumwuliza. Tulidhani kazi imekwisha siku ile ya kumpeleka, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alirudi shule, lakini mwaka mzima ulikuwa umepotea.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Anzeni mapema. Mtoto akiwa Gredi ya 8, andikeni jina lake, anayemlea, na kinachomsumbua. Mwulizeni mwalimu, na mwulizeni mtoto mwenyewe.

2. Tafuteni cheti cha kuzaliwa. Hapa kwetu mpakani watoto wengi hukwama hapo wakati wa kuandikishwa mtihani. Mtoto aliyezaliwa Kenya anapaswa kuandikishwa, hata kama mzazi mmoja ni Mtanzania. Anzeni kwa naibu wa chifu, mkiwa na kadi ya kliniki au ya ubatizo na kitambulisho cha mzazi kama kipo. Msingoje mwezi wa mwisho.

3. Wekeni mfuko wa elimu. Wanachama 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, ni shilingi 1,000. Kwa wiki 40 mna shilingi 40,000. Pesa hizi ziandikwe katika daftari lake, zisichanganywe na za mikopo. Tusidanganyane: pesa ya elimu ikishakopeshwa, Januari hairudi.

4. Pimeni shule kabla ya kuchagua. Katika shule ya kutwa ya serikali, masomo hulipiwa na serikali. Mzazi hubaki na sare, chakula cha mchana na mahitaji mengine. Shule ya bweni ina karo. Jina kubwa la shule lisitufanye tumpeleke mtoto mahali ambapo hatutaweza kumdumisha. Fomu za basari zijazwe mara zinapotangazwa. Ulizeni pia ufadhili wa Wings to Fly wa Wakfu wa Equity, ulioanza mwaka 2010.

5. Ijueni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema mtoto asikataliwe shule ya umma kwa sababu ya kukosa michango, na anayepokea mchango lazima atoe risiti. Nendeni kwa mwalimu mkuu kwa heshima, watu wawili au watatu, mkazungumze. Ikishindikana, fikeni ofisi ya elimu.

6. Kila mtoto awe na mlezi kutoka kikundi. Muhula wa kwanza amtembelee au ampigie simu kila baada ya wiki mbili. Asiulize alama tu. Aulize: unakula? Unalala wapi? Nani anakusumbua? Nyumbani kukoje?

7. Msichana akipata mimba, msimfiche wala msimwoze. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Kikundi kipange ni nani atakayemshikia mtoto.

Haya yote hayahitaji mfadhili kutoka mbali. Yanahitaji daftari, shilingi 50, na mtu asiyechoka kuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

- Katika kijiji chetu, ni watoto gani waliomaliza Gredi ya 9 na hawakuendelea? Wako wapi leo?
- Ni watoto wangapi wa Gredi ya 8 hawana cheti cha kuzaliwa?
- Nani kati yetu yuko tayari kuwa mlezi wa mtoto mmoja, kuanzia wiki hii?