Anayenyamaza Naye ni Mgonjwa

Leo tuzungumze juu ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaompata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani.

Zamani madaktari waliugawa kwa aina. Kuna mwenye shaka: husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na hudai jirani amemtilia sumu. Huyu mara nyingi huugua akiwa tayari ana kazi na familia, na maneno yake yaweza kukushawishi. Kuna anayeanza mapema, kati ya miaka 15 na 25. Mazungumzo yake hayashikani, hucheka matangani, haogi, na masomo humshinda. Watu humwita mvivu au mvuta bangi. Kuna pia anayenyamaza kabisa, akakaa pahali pamoja kwa saa nyingi, hata kula hali.

Madaktari wa Marekani waliacha mgawanyo huo mwaka 2013, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 ikauacha pia. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na shaka leo na kunyamaza kesho, na aina hizo hazikusaidia sana kuchagua matibabu.

Lakini mama, nyumbani tofauti hizo bado twaziona, na hapo ndipo tunapokosea. Anayepiga kelele hupelekwa hospitali upesi kwa sababu majirani wamelalamika. Aliyejifungia chumbani huachwa miezi mingi, tukisema ni ujana au amerogwa. Kumbe ugonjwa ni ule ule, na kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu kupatikana.

Ufanye nini? Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze muuguzi hali ilianza lini, analala vipi, anakula vipi. Usimfunge kamba. Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia. Mwambie unaona anaogopa, na uko naye. Akipata nafuu, asiache dawa bila kumwuliza daktari. Asiyekula wala kunywa, au anayetaja kujiua au kumdhuru mtu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu si laana, wala si kwamba ulimlea vibaya. Yule aliye kimya chumbani, mbishie hodi leo.