Je, Wajua? Mazingira yalisahaulika hadi hati ikaenda kuchapwa

Je, wajua kwamba mazingira nusura yaachwe nje ya malengo ya dunia? Baada ya Azimio la Milenia la mwaka 2000, maofisa wachache wa Umoja wa Mataifa walikaa kupanga Malengo ya Milenia: njaa, shule, malaria, vifo vya wajawazito. Mark Malloch Brown, aliyekuwa mkuu wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, alisimulia baadaye kwamba hati ilikuwa imeshapelekwa kuchapwa alipopishana na mkuu wa UNEP, shirika la mazingira lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Papo hapo akagutuka: lengo la mazingira halimo! Wakarudi mbio kulichomeka. Likawa la 7 kati ya 8.

Malengo yaliyofuata, yale ya Maendeleo Endelevu, hayakuandikwa na wachache. Colombia ndiyo iliyoyapigia debe kabla ya mkutano wa Rio wa 2012. Kamati ya kuyaandaa ilipoundwa ilikuwa na viti 30, lakini nchi 70 zilitaka kuingia. Ikabidi wakae wawili wawili, watatu watatu, hata wanne kwenye kiti kimoja. India na Pakistan zikachangia kiti pamoja na Sri Lanka! Iran ikakaa na Japani na Nepal. Mpango huo uliwatoa mabalozi kwenye kambi walizozizoea, na kwa maoni yangu ndio uliookoa mazungumzo. Waliokalia uenyekiti ni Macharia Kamau, balozi wa Kenya, na Csaba Kőrösi wa Hungaria.

Tarehe 25 Septemba 2015, nchi 193 zilipitisha malengo 17 yenye shabaha 169. Safari hii bahari ina lengo lake, nchi kavu lake, tabianchi lake.

Si shabaha zote zinazongoja 2030, mwaka wa ukomo wa malengo haya. Ile ya 3.6 ilitaka vifo vya ajali za barabarani vipungue kwa nusu ifikapo 2020. Mwaka huo ulipita, na bado zaidi ya watu milioni moja hufa barabarani kila mwaka.

Hakuna mahakama inayoiadhibu nchi iliyoshindwa. Kilichopo ni ripoti za hiari, zinazosomwa New York kila Julai. Kenya ilipeleka ya kwanza 2017, Tanzania 2019. Ziko wazi kwa kila mtu. Isome ya nchi yako, kisha umuulize diwani wako shabaha ya 6.1, ya maji salama kwa wote, imefikia wapi mtaani kwenu.