Glasi ya Mvinyo wa Miaka 10: Hesabu ya Nyumbani

Chupa ya kawaida ya mvinyo ina mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Ukiinunua kwa Sh60,000 na kuifungua jioni hiyohiyo, kila glasi ni Sh12,000 na hesabu imeisha. Ukiiweka miaka 10 kwanza, risiti haisemi tena ukweli wote. Wanaokomaza mvinyo nyumbani huandika rangi, harufu na alama kwenye daftari lao, lakini safu ya gharama haimo. Tuijaze hapa, kwa mkazi wa Dar es Salaam, kisha tuone alichonunua ni nini.

Kukomaza ni kuacha mvinyo ukae ndani ya chupa ili ubadilike. Mwekundu huanza na rangi ya zambarau na ukakasi, ule unaokausha ulimi kama bibo bichi. Kadiri miaka inavyopita, chembe za ukakasi huungana, nyingine hutua chini kama mashapo, na rangi huelekea kwenye utofali. Harufu ya tunda bichi hupungua, zikaja harufu za tende, tumbaku na ngozi. Mweupe hufanya kinyume kwa upande wa rangi: huzidi kukolea hadi dhahabu. Si kila mvinyo unafaidika na safari hii. Unahitaji asidi ya kutosha, au ukakasi, au sukari, na mvinyo mwingi wa bei ya kati hauna akiba hiyo.

Makadirio yangu ni haya, na msomaji ayabadilishe apendavyo. Chupa 24 zimenunuliwa kwa Sh60,000 kila moja. Friji ndogo ya mvinyo yenye kompresa, inayobeba chupa 24, imenunuliwa kwa Sh1,000,000 na itadumu miaka 10 bila kutengenezwa. Inakula nusu uniti ya umeme kwa siku. Chupa zote zinakaa muda wote, hakuna mgeni anayefungua moja mwaka wa tatu. Dhana hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tuanze na kisichoonekana: fedha iliyofungwa, yaani faida ambayo Sh60,000 ingeleta kama isingekuwa chupa. Nachukua riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa miaka 10, riba ikirudishwa kila mwaka kwenye mtaji, shilingi moja inakuwa Sh2.59. Lakini bei nazo zinapanda. Kwa mfumuko wa asilimia 4, kilichogharimu shilingi moja kitagharimu Sh1.48. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate 1.75. Kwa shilingi za leo, basi, Sh60,000 ingekuwa takriban Sh105,100, na fedha iliyofungwa imegharimu Sh45,100 kwa chupa. Mwenye kushuku atasema kwamba watu wengi hawarudishi riba kwenye mtaji, huila. Ni kweli, na kwa mtu huyo kiasi hiki ni kidogo zaidi. Nimekibakiza kwa sababu chupa nayo, ikikaa miaka yote 10, hailiki kidogokidogo.

Friji ni rahisi. Sh1,000,000 kwa chupa 24 ni Sh41,700 kila moja. Kwa kanuni ya aya iliyopita, nayo ni fedha iliyofungwa na ingestahili kuzidishwa kwa 1.75 ileile. Sikufanya hivyo, kwa kumpendelea mwenye subira.

Umeme ni nusu uniti kwa siku, uniti 182.5 kwa mwaka, 1,825 kwa miaka 10. Mteja wa kawaida wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, aliye nje ya kundi la matumizi madogo hupata takriban uniti 28 kwa Sh10,000, kodi zikiwamo, yaani Sh357 kwa uniti. Jumla ni Sh651,500, au Sh27,100 kwa chupa. Nusu uniti ni makadirio ya upole kwa chumba chenye joto la Januari. Kwa uniti 0.8, kiasi kinapanda hadi Sh43,400. Friji zisizo na kompresa ni nafuu dukani, lakini uwezo wake wa kushusha joto chini ya lile la chumba una kikomo, na chumba cha Dar hakizipi pazuri pa kuanzia.

Jumlisha: Sh60,000 ya chupa, Sh45,100 ya fedha iliyofungwa, Sh41,700 ya friji na Sh27,100 ya umeme. Ni Sh173,900. Bado kuna chupa zitakazopotea. Vizibo vingine huvuja, vingine vina uchafu unaoupa mvinyo harufu ya karatasi iliyolowa. Makadirio ya tatizo hilo la pili hutofautiana sana, asilimia 1 kwa wengine na asilimia 5 kwa wengine. Nikichukua asilimia 5 kwa hasara zote, zinazobaki ndizo zinazobeba mzigo, na chupa inayonyweka inafikia Sh183,000. Chupa mpya nayo inaweza kuwa na kizibo kibovu, ila ile unairudisha dukani na risiti yako. Ya miaka 10 utairudisha wapi?

Glasi sasa ni Sh36,600. Mashapo yakikunyima mililita 50 za mwisho, zinabaki glasi nne na theluthi mbili, na kila moja ni Sh39,200. Dhidi ya Sh12,000, hiyo ni mara 3.3.

Dhana ya friji iliyojaa inahitaji kutikiswa peke yake. Friji na umeme kwa pamoja ni Sh68,800 kwa chupa ikiwa zimo 24. Zikiwa 12, gharama hiyo inakuwa Sh137,600 na chupa inayonyweka inapanda hadi Sh255,500, bila mvinyo wenyewe kuongezeka thamani hata senti. Nyumbani friji hujaa siku ya kwanza na kupungua kila sikukuu.

Gharama ya kuhifadhi haijui bei ya chupa. Kwa chupa ya Sh15,000, hesabu ileile inatoa Sh100,100, mara 6.7 ya bei ya dukani. Kwa ya Sh60,000 ni karibu mara 3, kabla ya kutoa mashapo. Kwa chupa ya Sh500,000 inatoa Sh994,600, karibu mara 2. Uwiano unashuka bei inapopanda, ila usidhani matajiri wamepata nafuu: kwenye chupa hiyo ya mwisho fedha iliyofungwa peke yake ni Sh376,100, zaidi ya mara 5 ya friji na umeme.

Kwa nini basi usiache friji, ukaweka chupa chini ya kitanda? Pishi linalosifiwa lina nyuzijoto 12 hadi 14. Wastani wa mwaka wa Dar es Salaam ni takriban 26, Dodoma 23, Nairobi 19. Kanuni ya haraka ya wanakemia husema kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi ya mabadiliko mara mbili. Ukianzia 13, Nairobi ni mara 1.5, Dodoma mara 2, Dar karibu mara 2.5. Kwa hesabu hiyo miaka 10 ya pishi inatimia Dar kwa miaka 4, bure kabisa, na hapo ndipo hesabu nzuri inapompotosha mtu. Kanuni inadhani mabadiliko yote yanaharakishwa sawasawa, na hayako hivyo. Yale yanayochosha tunda na kuleta rangi ya kahawia hukimbia kuliko yale yanayolainisha ukakasi. Joto pia hupanda mchana na kushuka usiku, mvinyo hutanuka na kusinyaa, na kizibo hupitisha hewa. Utapata chupa iliyozeeka, na hilo halimaanishi imekomaa.

Njia ya tatu ni kumwachia mwingine mzigo na kununua chupa ambayo tayari ina umri. Watafiti Elroy Dimson, Peter Rousseau na Christophe Spaenjers walikusanya bei za mvinyo wa mashamba matano makuu ya Bordeaux kuanzia 1900 hadi 2012. Baada ya kuondoa mfumuko wa bei, thamani ilipanda kwa wastani wa asilimia 5.3 kwa mwaka. Ukitoa na gharama za kuhifadhi na bima, ilibaki 4.1. Tumia 5.3, maana ndiyo bei anayolipa mnunuzi: kwa miaka 10 ni mara 1.68, na Sh60,000 inakuwa Sh100,600. Nyumbani tulifika Sh183,000. Mwenye ghala kubwa katika nchi ya baridi hukomaza kwa gharama ambayo friji ya chupa 24 ya Dar haiwezi kuifikia.

Ulinganisho huo una kasoro mbili. Mashamba hayo matano ni miongoni mwa yenye majina makubwa kuliko yote duniani, na chupa ya Sh60,000 haina mnunuzi anayeisubiri mnadani. Pia chupa iliyokomazwa Ulaya haijafika Dar hadi ilipiwe usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Tofauti ya Sh82,400 inaweza kumalizwa na vitu hivyo, au isimalizwe, kutegemea nani anaagiza na ngapi. Utafiti huohuo unaonyesha jambo jingine la kuangalia: mvinyo maarufu uliokwisha kupita umri wake wa kunyweka bado unaendelea kupanda bei. Hapo mnunuzi halipii ladha.

Kwa mvinyo wa Dodoma swali linabadilika. Mizabibu ya huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo miaka 10 ya kusubiri ni mavuno 20 yaliyopita mbele yako, wakati mkulima wa Bordeaux amevuna 10. Mwaka ulioandikwa kwenye nembo nao haukuambii ni mavuno yapi kati ya mawili. Sehemu kubwa ya mvinyo wa huko hutengenezwa unywewe ungali mchanga, na joto huipunguzia zabibu asidi ambayo ingeubeba mbali. Ukiwa na chupa ya Sh15,000, ile ya mara 6.7, sioni hoja ya kuigusa friji zaidi ya kuipoza.

Sasa upande wa pili wa mizani, ladha. Nyongeza kati ya chupa mpya na ya miaka 10 ni Sh123,000. Tuseme daftari la nyumbani linaipa mpya alama 88 kwa 100 na ya zamani 92. Kila alama ya ziada imegharimu Sh30,750. Kabla ya kulipa, pima kipimo chenyewe. Robert Hodgson, katika utafiti uliochapishwa 2008, aliwapa waamuzi wa mashindano ya mvinyo ya California mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, bila kuwaambia. Alama za mwamuzi wa kawaida zilipanda au kushuka kwa takriban 4. Mmoja tu kati ya 10 aliweza kubaki ndani ya daraja moja la medali. Alama 4 tulizolipia zinatosha ndani ya kosa la mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Kipimo kirefu tulichonacho cha mvinyo uleule ukiwa mchanga na ukiwa mzee kilianzia Paris tarehe 24 Mei 1976, pale mfanyabiashara wa mvinyo Steven Spurrier alipowaonjesha waamuzi chupa zilizofichwa nembo. Kwa wekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka California ilipata wastani wa 14.14 kwa 20, na Mouton ya 1970 kutoka Bordeaux 14.09. Historia iliyoandikwa juu ya ushindi ule wa wekundu wa California imesimama juu ya alama 0.05. Miaka 30 baadaye, 2006, wekundu walewale walionjwa tena London na Napa. Ridge Monte Bello ya 1971, iliyokuwa ya tano, ikawa ya kwanza. Clos Du Val ya 1972 ilikuwa ya nane mwaka 1976, ya kwanza katika uonjaji mwingine wa 1986, kisha ya tano 2006. Waweza kusema umri umepanga upya madaraja. Waweza pia kusema waamuzi walibadilika, chupa zilitofautiana, na 0.05 haikuwa daraja tangu mwanzo. Takwimu hazichagui kati ya kauli hizo mbili, na mimi naelemea ya pili kwa nafasi za katikati.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo haligharimu zaidi ya chupa mbili: mvinyo mmoja, mwaka wa zamani na mwaka mpya. Chupa zifungwe gazeti, na anayemimina asionje. Kila mtu apewe glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine, aitaje iliyo tofauti. Vikombe vyeusi au taa hafifu, maana rangi ya utofali itauza siri kabla ya ulimi. Anayebahatisha hupatia mara moja kati ya tatu. Wakiwa waonjaji wanne, wawili au zaidi watapatia kwa bahati tu mara 41 kati ya 100, watatu au zaidi mara 11, na wote wanne mara 1.2. Matokeo ya kwanza yasiandikwe hata daftarini. Wanne wakipatia, kuna tofauti ya kweli kwenye glasi, na linabaki swali la kama wanaipenda kwa Sh123,000.