Fedha isiyoingia weusi: Ichunguze kabla hujalipa

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

KWA anayejiandaa kurudi kwao kutoka Dzaleka, na kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kasumulu, bangili ya fedha si pambo tu. Ni akiba. Haiozi kama mahindi, haihitaji lori, na sonara wa mji mwingine anaweza kuipima na kuinunua. Tatizo ni kwamba wapo wanaouziwa shaba kwa bei ya fedha.

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000, lakini leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Anayefungasha kwa haraka hutafuta kitu kidogo chenye thamani, na hapo ndipo tapeli humpata.

Katika pitapita zangu kati ya kambi na mji, ombi ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Kaka, nitafutie siliva isiyoingia weusi." Mama mmoja Mkongo alinionyesha bangili mbili alizokuwa akiziweka kwa ajili ya nauli na mtaji. Moja ilimeta kama kioo, nyingine, aliyorithi kwa mama yake, ilikuwa nyeusi kama sufuria. Sonara alipopitisha tupa, ile ya kumeta ilitoa rangi ya shaba. Fedha ilikuwa ile nyeusi, ambayo mama alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya kutupa.

Weusi unatoka wapi?

Weusi huo si kutu. Fedha hushikana na gesi za salfa zilizomo hewani, katika moshi, hata katika mayai na vitunguu. Jasho na manukato huharakisha. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba fedha yake haitabadilika kamwe, jiulize amekuuzia nini.

Fedha ya sonara huwa na alama 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha na zinazobaki kwa kawaida ni shaba, ili iwe ngumu. Ya 999 huchelewa kidogo kuingia weusi, lakini ni laini na hupinda haraka. Ipo pia fedha iliyochanganywa na jemaniamu, iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1990, nayo huchelewa sana kubadilika. Nyingine ni 925 iliyochovywa rodiamu. Hii hung'aa vizuri mpaka mchovyo ulike, na pete ndiyo huanza.

Jihadhari na kinachoitwa "fedha ya Kijerumani". Ni shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo hata chembe. Alama EPNS nayo maana yake ni mchanganyiko huo uliopakwa fedha juu.

Pima mwenyewe

Sumaku ikivuta, achana nayo. Isipovuta bado usifurahi, kwani shaba nayo haivutwi. Chukua mzani mdogo wa kidijitali. Pima bangili, tuseme ina gramu 30. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, na uizamishe bangili ikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Gawanya 30 kwa namba itakayosomeka. Ukipata 2.9, jibu ni kama 10.3, na hiyo yalingana na fedha ya 925. Ukipata 3.4, jibu ni 8.8, na hiyo ni shaba au ndugu zake. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye jiwe au lililo wazi ndani. Ukiwa na shaka, sonara apitishe tupa.

Nunua kwa lengo

Ukitaka kuwauzia wafanyakazi wa ofisi za Capital Hill, wanaotaka pambo la kuvaa kazini, iliyochovywa rodiamu inafaa, mradi umwambie mteja ukweli. Ukitaka akiba ya kurudi nayo nyumbani, chukua 925 nzito, isiyo na mchovyo wala mawe. Itaingia weusi, lakini weusi hufutika na gramu zinabaki.

Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mbali na mpira. Isafishe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni. Usiisugue kwa majivu wala stilwaya, maana kila ukisugua unapunguza mali yako.

Mwisho, dai risiti yenye uzito na alama ya 925. Muuzaji anayekataa kuandika gramu amekwisha kukujibu. Rudisha pesa yako mfukoni, ndugu yangu, uende duka la pili.