Majina ya Vyombo vya Barabarani na Mashine Zihesabuzo Magari

Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi vyuo vikuu na makampuni ya Afrika ya Mashariki yamekuwa yakijaribu kutengeneza mashine za kuangalia mwendo wa magari mijini kwa njia ya kamera na kompyuta. Habari za kazi hiyo huandikwa aghalabu na wahandisi, na wataalamu wa lugha hawatazamiwi kuwa na neno la kusema. Walakini sehemu ya kwanza ya kazi yenyewe ni ya lugha tupu, nayo ni kuamua kuwa vitu vipitavyo barabarani ni vya namna ngapi, na kila namna iitweje. Makala haya yanaieleza sehemu hiyo, kisha yanaipima kwa mfano wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mji mdogo ulioko juu ya barabara kubwa.

Akili ya mashine hizo wengine huiita akili bandia, wengine akili mnemba, na wengine akili unde. Hapa litatumika jina la mwisho. Bandia huleta maana ya udanganyifu, hali unde limetokana na kuunda, kwa njia ile ile ambayo kiumbe limetokana na kuumba na mtume kutokana na kutuma. Ni kitu kilichofanywa na mwingine, nacho hakijui ila alichokijua aliyekifanya.

Kompyuta haioni gari. Ionacho ni safu za nambari, kila nambari ikiwa ni kiasi cha mwanga na rangi katika nukta moja ya picha. Ili nambari hizo zipate maana, hukusanywa maelfu ya picha, na kila picha hukabidhiwa mtu, ambaye huchora kisanduku kuzunguka kila chombo na kukipachika jina kutoka katika orodha aliyopewa. Mashine hupitishwa katika picha hizo mara nyingi sana. Kila mara hukisia jina, hulinganishwa na jina alilopachika mtu, na hesabu zake za ndani hurekebishwa kidogo, mpaka makosa yapungue. Baada ya hapo huonyeshwa picha ambazo haijapata kuziona. Yafaa ieleweke kuwa mashine ya namna hii haina desturi ya kusema "sijui". Kitu kisichokuwamo katika orodha ama hupitwa kana kwamba hakipo, ama husukumwa katika jina lililo karibu nacho kwa umbo, na hesabu ikaendelea.

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Makerere walilikwepa tatizo hilo kwa werevu. Mwaka 2010 John Quinn na Rose Nakibuule walitoa maelezo ya utafiti wao juu ya mwendo wa magari katika miji yenye msongamano. Mitambo iliyokuwako hudhani kuwa kila gari lina mstari wake wa kupita, na dhana hiyo haifai Kampala. Kwa hiyo walielekea kupima jinsi picha yenyewe inavyosogea, bila ya kuilazimisha mashine kukitambua kila chombo kwa jina. Mwaka 2013 walionyesha pia, pamoja na mwenzao, kwamba simu ya mkononi yenye kamera yaweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Njia hiyo yatosha kwa mtu atakaye kujua kama barabara imeziba. Haimtoshi atakaye kujua imezibwa na nini.

Huko Nairobi kampuni ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2012 IBM ilitangaza kuwa itafungua maabara ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na serikali ya Kenya, nayo ilizinduliwa mwaka 2013. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ulikuwa mpango wa Twende Twende, uliotumia kamera za AccessKenya, kampuni iliyokuwa ikiuza huduma za intaneti. Kamera zilikuwa chache na picha zake hafifu, basi kanuni za hesabu zilizotungwa katika maabara ya IBM ya Tokyo zilitumika kukisia hali ya barabara zisizokuwa na kamera. Dereva aliweza kupata habari kwa ujumbe mfupi wa simu. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa na busara ya kutafuta jina la Kiswahili, tena kitenzi kilichokaririwa, kama utingo anavyowahimiza abiria. Lakini jina la mpango ni jambo jepesi kuliko majina yaliyomo ndani ya mpango.

Jambo hilo la pili lilidhihirika zaidi katika mradi mwingine wa mji ule ule, ujulikanao kama Digital Matatus, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliufanya pamoja na vyuo vya Columbia na MIT na kampuni ndogo ya Groupshot. Mradi huu haukutumia kamera wala akili unde. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika njia na vituo, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Muundo wa kuhifadhia habari hizo ulibuniwa mwaka 2005 na Google pamoja na shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani, nao wataka saa ya kuondoka na jina la kituo. Matatu huondoka ikijaa. Vituo vingi havikuwa na kibao, bali vilikuwa na majina vinywani mwa makondakta. Ilibidi basi muundo ulegezwe na majina ya vinywani yaingizwe katika daftari, na mwaka 2015 njia hizo zikaonekana katika ramani za Google. Hapo chuo kikuu kilifanya kazi ambayo kampuni isingeweza kuifanya kwa urahisi, maana ilihitaji watu waijuao lugha ya njiani.

Orodha itumiwayo zaidi kwa kuzifundisha mashine kutambua vitu ni ile iitwayo COCO, iliyotolewa mwaka 2014. Nayo ni tunda la ushirikiano wa namna hii hii, kwani ilitungwa na watu wa Microsoft pamoja na wanazuoni wa vyuo kama Cornell na Caltech. Ina aina 80 za vitu. Kwa upande wa nchi kavu ina baiskeli, motokaa, pikipiki, basi, treni na lori. Ina ng'ombe, farasi na kondoo. Ina tembo, pundamilia na twiga. Haina bajaji, haina mkokoteni, haina punda wala mbuzi. Mashine iliyofundishwa kwa orodha hiyo peke yake itamtambua twiga akivuka barabara mjini Kahama, lakini punda avutaye mkokoteni wa maji itamwita farasi au ng'ombe, au haitamwita kabisa. Si haki kuwalaumu watungaji, kwa kuwa hawakukusudia orodha ya barabarani. Walichagua vitu vya kawaida katika picha za watu wa kwao. Kosa ni la yule aichukuaye orodha hiyo kama ilivyo na kwenda kuuzia mji mwingine.

Tena kuifasiri tu hakutoshi. Neno la Kiingereza la motokaa likifasiriwa "gari", mpachika majina hutiwa katika shaka, kwa sababu gari, neno lililotoka Kihindi, tangu awali ni chombo chochote cha magurudumu. Ndiyo maana kuna gari la ng'ombe na gari la moshi, na ndiyo maana basi na lori pia huitwa magari. Wapachika majina wawili, mmoja akifuata matumizi ya Kiswahili na mwingine akifuata desturi ya Kiingereza, watatoa hesabu mbili kwa picha moja, na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Shida iliyo kubwa zaidi ni kwamba Kiswahili huvigawa vyombo kwa misingi miwili. Majina mengine hufuata umbo, na mengi ya hayo yametokana na makampuni yenyewe: bajaji, fuso. Pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo wengine huiita guta na wengine toyo. Majina mengine hufuata kazi: teksi, daladala, bodaboda. Bodaboda ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, na jina likahamia pikipiki bila ya kubadilika, kwa maana kazi ilikuwa ile ile. Daladala mjini Dar es Salaam ni basi dogo, lakini upande wa Shinyanga jina hilo husikika likitajwa kwa baiskeli ibebayo abiria kwa nauli. Kamera huona umbo na haioni nauli. Kwa magari ya Tanzania kuna dalili ya kusaidia, kwa kuwa kibao cha namba cha gari la biashara ni cheupe na cha gari la mtu binafsi ni cha manjano. Baiskeli haina kibao.

Tuseme sasa kamera imetundikwa Ushirombo. Mji huu, uliokuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, umekaa katika njia itokayo Kahama kwenda Lusahunga, na kutoka huko hadi Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Wasumbwa, wenyeji wa nchi hii, walijulikana kwa misafara ya biashara kabla ya lami. Siku hizi hupita semi-trela za mizigo ya nchi jirani, na kati yao bodaboda, baiskeli, ng'ombe wa kuuzwa, na watu waendao kwa miguu kando ya lami.

Katika orodha ile ya COCO semi-trela na pikapu huweza kuangukia jina moja, lori. Kwa mhandisi hili ni kosa kubwa. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya miaka 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukizidi mara mbili, uharibifu huzidi kiasi cha mara 16. Hesabu isiyotenga semi-trela na pikapu itapanga lami nyembamba mno, au itapoteza fedha kwa lami nene kupita kiasi. Upande wa pili, baiskeli na mkokoteni haviharibu lami hata kidogo, lakini visipohesabiwa hakuna atakayeona sababu ya kuvijengea njia ya pembeni, na watu wake wataendelea kugawana lami na semi-trela.

Kwamba yawezekana kufanya vingine, mfano upo India. Chuo cha IIIT cha Hyderabad na kampuni ya Intel walitoa mwaka 2018 mkusanyo wa picha 10,000 za barabara za Hyderabad na Bengaluru, zilizopachikwa majina ya aina 34. Bajaji imo kwa jina lake, wanyama wamo, na limewekwa fungu maalumu la vyombo visivyopata mahali pengine. Fungu hilo ni neno "sijui" lililotiwa ndani ya mashine kwa makusudi.

Mikono ya kazi hii haikosekani Afrika ya Mashariki. Vijana wa Nairobi wameajiriwa kwa miaka mingi na kampuni ya Sama kuchora visanduku katika picha, zikiwamo za barabara za ng'ambo kwa ajili ya magari yajiendeshayo. Wamejifunza kupambanua vyombo vya miji wasiyopata kuikanyaga. Orodha ya barabara za kwao yaweza kutungwa na vijana hao hao pamoja na chuo kikuu, ila kampuni nyingi hupenda orodha fupi, ili programu moja iuzike kila mji. Jambo la mali ya picha limekwisha kuguswa na sheria, kwa Kenya mwaka 2019 na kwa Tanzania katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jambo la majina halina sheria, huamuliwa na yule atungaye mwongozo wa wapachika majina.

Mwongozo huo una maswali ambayo kamusi haijayajibu. Mtu asukumaye baiskeli iliyosheheni magunia mawili ya mkaa, naye atembea kwa miguu kando yake, ahesabiwe mwendesha baiskeli, au mwenda kwa miguu, au mzigo? Kwa kasi ni mwenda kwa miguu. Kwa upana achukuao barabarani ni sawa na mkokoteni. Katika Kiswahili hakuna jina moja la mtu huyo na chombo chake, na mpachika majina, penseli yake ikiwa juu ya picha, hana ruhusa ya kuacha kisanduku bila neno.