Mfumo Mzima Katika Diski Moja: Ukubwa Gani Unafaa?

Miongoni mwa neema walizojaaliwa watumiaji wa kompyuta ni mfumo endeshi usiohitaji kusakinishwa, ambao mtu huuchoma katika CD au kuutia katika flashi, akaiwasha mashine yake na kufanya kazi zake zote pasi na kugusa chochote kilichomo katika diski ya ndani; na ni mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa ambazo ziliamshwa kwa njia hiyo, mafaili ya wenyewe yakaokolewa. Mfumo huo husambazwa ukiwa faili moja kubwa la ISO, na anayeuandaa hana budi kuamua mapema faili hilo liwe na ukubwa gani.

Hapo zamani CD yenyewe ndiyo iliyokuwa hakimu. CD ya dakika 80 ina vipande 360,000 vya kuhifadhia data, kila kimoja baiti 2,048, jumla baiti 737,280,000. Klaus Knopper, Mjerumani aliyeitoa Knoppix, mmoja wa mifumo ya aina hiyo, mwaka 2000, aliukabili mpaka huo kwa kuyabana mafaili yote na kuyaacha yafunguliwe kadiri yanavyohitajiwa, hata programu za takriban gigabaiti 2 zikaenea katika CD moja. Waandalizi wa Damn Small Linux wao walijifunga kwa megabaiti 50 tu, kiasi cha CD ndogo yenye umbo la kadi ya biashara, na bado wakapata nafasi ya kivinjari cha intaneti. Amma kubana huko kuna gharama yake, kwani prosesa hulazimika kufungua kila kinachosomwa, na mbinu ibanayo zaidi aghalabu ndiyo ichelewayo zaidi, taabu inayodhihirika hasa katika mashine kongwe, ambazo ndizo zenye haja kubwa na mifumo hii.

Mwaka 2012 mfumo wa Ubuntu, katika toleo lake la 12.10, uliuvuka mpaka wa CD, na leo faili lake hupindukia gigabaiti 5. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana programu zimekua na flashi zimekuwa rahisi. Lakini flashi kuwa na nafasi si hoja ya kutosha, ilhali faili halina budi kwanza kumfikia mtu. Kwa laini ya megabiti 1 kwa sekunde, faili la megabaiti 700 hushuka kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na la gigabaiti 6 huchukua zaidi ya saa 13, umeme usipokatika; na anayelipia bando hulipia kila megabaiti, ikiwamo ile ya programu asiyoijua wala kuitaka.

Kuna mitego miwili ya hesabu. DVD ya gigabaiti 4.7 imepimwa kwa maelfu kamili, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na kwa hesabu hiyo DVD hiyo hiyo ina 4.38 tu, kwa hiyo faili linaloonyeshwa kuwa 4.5 haliingii. Kadhalika flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata ikiwa tupu kabisa. Na mfumo kama Puppy Linux, unaojipakia wote katika ramu ili uende kwa kasi, hula kumbukumbu kwa kadiri ya ukubwa wake, hivyo mashine yenye megabaiti 512 haiuwezi mfumo uliobanwa katika megabaiti 600.

Rai yangu ni kwamba mwandalizi aanze na mashine dhaifu kuliko zote anazotaka kuzihudumia, kisha apunguze kwa hadhari: aondoe mandhari za skrini na michezo, aondoe na lugha zisizosomwa na wapokeaji wake, wala asirudie programu mbili za kazi moja. Asiguse, hata kwa megabaiti chache, programu za kuendeshea kadi za Wi-Fi, kwa kuwa asiye na mtandao hawezi kuzifuata mtandaoni. Waandalizi wa mfumo wa Debian, ambao kwa miaka mingi waliziweka kando zile zenye leseni zisizo huru, waliamua kuzitia katika mafaili yao rasmi kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023, na mimi nasema walifanya haki.