Saikolojia na Ngoma: Namna ya Kumchagulia Chuo Kijana Anayetaka Kutibu kwa Miondoko

Mama mmoja mkazi wa Elerai, jijini Arusha, alifika kliniki ya afya ya akili akiwa na binti yake aliyehitimu kidato cha sita. Binti huyo hakuwa mgeni kwangu. Miaka miwili kabla ya hapo aliugua sonona, akatibiwa kwa dawa na ushauri nasaha, na katika kipindi hicho hicho akajiunga na kikundi cha ngoma cha vijana. Alipona. Safari hii hawakuja kwa sababu ya ugonjwa.

“Daktari,” alisema mama, “mwanangu anataka kusomea saikolojia na ngoma kwa pamoja. Baba yake anasema ngoma si kazi. Nimepata chuo cha mtandaoni kinachotoa cheti cha utabibu wa ngoma kwa wiki sita. Ada yake ni akiba yangu yote ya biashara ya ndizi. Nilipe?”

Baadhi ya maelezo nimeyabadili ili kulinda siri ya familia hiyo. Swali lenyewe, hata hivyo, linawahusu wengi: wazazi, vijana, wagonjwa wanaoalikwa kwenye vikundi vya namna hii, na watumishi wa afya wanaoombwa kuwaelekeza.

Taaluma ipo

Baba alikosea kidogo. Taaluma inayounganisha saikolojia na ngoma ipo, na inaitwa tiba ya dansi na miondoko. Mwaka 1942, mwalimu wa dansi Marian Chace alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika Hospitali ya St. Elizabeths, Washington, Marekani. Mwaka 1966 chama cha wataalamu wa fani hiyo kiliundwa nchini humo. Nasi Waafrika hatukuhitaji kufundishwa kwamba ngoma na uponyaji vina undugu. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alieleza jinsi neno hilo, katika jamii nyingi za Kibantu, linavyobeba kwa pamoja maana ya chombo, uchezaji na uganga.

Tofauti iliyopo ni hii: kucheza ngoma kunamnufaisha karibu kila mtu, lakini kutibu kwa ngoma ni kazi ya kitabibu. Mtabibu hufanya tathmini, huweka lengo, huandika maendeleo ya mgonjwa na hujua wakati wa kusimamisha zoezi.

Ushahidi unasema nini?

Mwaka 2019, ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kuonyesha manufaa katika maeneo mengi. Kwa wagonjwa wa Parkinson, kwa mfano, mdundo wa muziki huweza kuusaidia mwili kuanzisha na kuendeleza hatua. Ndiyo maana kundi la dansi la Mark Morris la New York lilianzisha madarasa ya wagonjwa hao mwaka 2001.

Kuhusu sonona, ni lazima tuwe waangalifu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalipata tafiti tatu tu zilizokidhi vigezo, zenye jumla ya washiriki 147, na hayakuweza kutoa hitimisho thabiti. Nilimwambia binti yule jambo hilo waziwazi, kwa kuwa aliamini ngoma ndiyo iliyomponya. Dawa, ushauri nasaha, ngoma na upendo wa mama yake vilikwenda pamoja; hakuna awezaye kuvitenganisha baada ya tukio. Mtu anayetaka kutibu wengine aanze kwa kutozidisha kile alichokiona kwake mwenyewe.

Kwa nini wiki sita hazitoshi

Fikiria mgonjwa aliyewahi kubakwa. Anaambiwa afumbe macho, kisha mwenzake amshike kiuno bila kumwomba ruhusa. Kwa mchezaji wa kawaida hilo ni zoezi dogo; kwa mgonjwa huyu laweza kurudisha tukio lote mwilini, akatetemeka au akazirai. Fikiria pia mzee mwenye shinikizo la damu anayerushwarushwa, au kijana mwenye sonona anayeshawishiwa kuacha dawa kwa sababu “ngoma inatosha”. Kuyatambua mapema na kuyamudu mambo haya hufundishwa kwa miaka, mbele ya wagonjwa, chini ya jicho la msimamizi.

Njia iliyopo kwa kijana wa Arusha

Katika nchi ambako taaluma hii imekomaa, sifa ya utabibu hupatikana kwa shahada ya uzamili. Vyuo kama Lesley University cha Marekani na University of Roehampton cha Uingereza vimekuwa vikiitoa. Kwa hiyo kijana hana haja ya kuhangaika kutafuta shahada ya kwanza yenye jina la “saikolojia na ngoma”. Anahitaji msingi imara wa saikolojia na uzoefu wa kweli wa ngoma.

Kwa saikolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma hutoa shahada ya elimu katika saikolojia. Vyote viwili pia hufundisha sanaa za maonyesho, jambo linalompa mwanafunzi nafasi ya kuishi karibu na wasanii. Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina skuli ya saikolojia pamoja na idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Anayetaka baadaye kuwa mwanasaikolojia tiba hapa nchini anaweza kuendelea na uzamili wa fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Kwa ngoma, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ndiyo shule kongwe ya umma ya fani hiyo nchini. Karibu zaidi na Elerai, kandokando ya barabara ya Moshi, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hutoa shahada ya muziki.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada

1. Je, chuo kina ithibati? Kwa vyuo vikuu, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa vyuo vya astashahada na stashahada, ulizeni NACTVET. Kwa chuo cha nje, ulizeni mapema kama shahada yake itatambuliwa hapa.
2. Je, mwanafunzi atakutana na wagonjwa halisi, kwa saa ngapi, na nani atamsimamia?
3. Je, mtaala unafundisha magonjwa ya akili, maadili, utunzaji wa siri na ridhaa ya mgonjwa?
4. Je, waliohitimu wanafanya kazi gani leo? Ombeni kuzungumza na wawili au watatu.
5. Je, ada ikikwama katikati, cheti cha hatua aliyofikia kitamfaa? Ulizeni pia kuhusu mkopo wa serikali.

Chuo kinachokwepa swali la pili hakifai kwa anayetaka kutibu, hata kikiwa na majengo mazuri.

Kwa wagonjwa na watumishi

Mgonjwa anayealikwa kwenye kikundi cha ngoma ana haki ya kumuuliza kiongozi amesomea nini, na kukataa kuguswa. Asiache dawa bila kuzungumza na daktari wake. Watumishi wenzangu, vikundi vya ngoma vya mtaani ni hazina kwa mgonjwa anayejitenga. Mwelekezeni huko kama sehemu ya maisha yake ya kawaida, mkiendelea na matibabu yaliyothibitishwa.

Mama yule hakulipa. Binti aliomba nafasi ya kusoma saikolojia, na akakubaliana na baba yake kwamba ngoma ataiendeleza jioni na wakati wa likizo. Kabla ya kutoka aliniuliza kama ilikuwa lazima kueleza chuoni kwamba aliwahi kuugua. Nilimjibu kwamba hiyo ni siri yake, ila ajue mapema huduma ya ushauri iko wapi chuoni, na ahudhurie kliniki iliyo karibu. Atakayewahudumia wengine naye anahitaji wa kumhudumia.